Ombi la Kuusajili Mkono Wangu wa Kushoto Kuwa wa Kulia

Bwanaheri Swalehe,
Mpishi wa Shughuli,
Bungu, Wilaya ya Kibiti.

Kwa Mganga Mfawidhi,
Hospitali yetu (jina silitaji, maana nia yangu ni kulalamika, si kuaibishana).

Ndugu Mganga Mfawidhi,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA BINTI MUZDALIFA, PAMOJA NA OMBI LA CHETI

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza chenyewe, lakini nitakieleza zaidi, maana siku hizi nina nafasi. Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta u mzima pande zote mbili. Mimi ni mzima upande wa kushoto. Upande wa kulia ndio ulionifanya nishike kalamu.

Kama umewahi kula pilau ya harusi popote kati ya Chumbi na Kibiti, ukanyamaza kimya mpaka sinia likabaki jeupe, basi mimi na wewe tunafahamiana. Naandika kwa mkono wa kushoto, nimejificha nyuma ya banda la kuku, kwa hiyo herufi zikikulalia usidhani nimelewa. Sababu ya kujificha utaiona huko chini.

Shida yangu ni hii. Ijumaa ijayo Nusaiba, binti yangu wa pekee, anaolewa na kijana wa Dimani aitwaye Yassin. Ndoa zetu unazijua. Baba anamshika bwana harusi mkono wa kulia, kwa mkono wake wa kulia, anatamka mbele ya watu kwamba anamuoza binti yake, na kijana anajibu kwamba amekubali. Mkono wangu wa kulia, tangu kiharusi kinipige, haushiki kitu cha maana. Umelala tu kama kambare wa jana. Mdogo wangu Twalibu ameshajitolea kuwa wakili wangu siku hiyo, na kanzu mpya kashona. Daktari, Twalibu ana mikono miwili mizima tangu azaliwe na hajawahi kuifanyia kazi ya maana. Mwanangu nimemlea mimi, na nataka kumuoza mwenyewe.

Malalamiko yangu nayapanga kwa namba ili usipotee.

1. Kupelekwa hospitali kwa haraka isiyo na heshima.

Siku kiharusi kiliponipiga nilikuwa kazini, kwenye harusi ya watu, nimesimama juu ya sufuria. Mwiko ukaniponyoka ukazama kwenye pilau. Nikataka kuutukana, maneno yakatoka kama uji. Mdomo ukaenda upande. Vijana wangu wa jikoni wakasema mzee kaonja mchuzi wa moto, wakanipa maji, nayo yakanimwagikia kifuani. Wazee wakasema hapana, huyu kakumbwa na upepo. Mmoja akatumwa kuleta ubani, mwingine akaenda kwa shehe kuniombea kombe, maji yaliyooshewa aya, ninywe. Mimi nimelazwa kwenye jamvi, nasubiri utaratibu ufuatwe, muungwana kabisa.

Ndipo akatokea mke wangu, Mwanamkuu. Hakumsalimu mtu. Aliniangalia mdomo, akauinua mkono wangu ukaanguka, akawaambia wazee kwamba upepo utafukizwa baadaye, sasa hivi anataka bajaji. Nilifika kwako na aproni yangu yenye mafuta, juu ya bajaji ya kubebea mizigo, katikati ya magunia ya machungwa. Ninyi badala ya kumkemea mkampongeza! Mkasema mdomo ukienda upande, mkono ukilegea na maneno yakivurugika, hakuna cha kungojea, kwa sababu kila dakika inayopita ndani ya kichwa kuna kitu kinakufa. Sawa. Lakini ile pilau iliungua, na mpaka leo hakuna aliyenipa pole ya pilau.

2. Kunivua nguo mbele ya mke wangu, kwa maneno.

Mliniuliza kama nina presha. Nikaitikia kwa kichwa. Mkaniuliza kama nakunywa vidonge. Kabla sijapata namna ya kujibu, Mwanamkuu akatoa kwenye mkoba pakiti ya vidonge ikiwa imejaa. Kweli nilikuwa nimeacha. Nilikuwa najisikia vizuri, na mtu anayejisikia vizuri anywe dawa za nini? Mkanijibu kwamba nilijisikia vizuri kwa sababu ya hivyo vidonge. Hoja hiyo nimeitafakari miezi yote hii na bado naiona ina ujanja ndani yake, ila sijaupata uko wapi.

Mkaniongezea na adhabu ya chumvi. Mpishi mzima wa shughuli nakula mchuzi usio na chumvi nyumbani kwangu, na anayeonja kuhakikisha haimo ni Mwanamkuu.

3. Kufungwa kwa mkono usio na hatia.

Sasa naingia kwenye mashtaka yenyewe. Mlipokuwa mnaniruhusu mkasema atakuwa ananijia nyumbani mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nikategemea mwanamume wa makamo, mwenye huruma na mafuta ya kuchulia. Akashuka kwenye bodaboda binti mdogo kuliko Nusaiba, ana mkoba mgongoni, ananiita baba kwa adabu zote. Jina lake Muzdalifa. Adabu ziliishia hapo hapo kwenye kuitana.

Huyu binti alichukua soksi akauvika mkono wangu wa kushoto, ule mzima, akaifunga kwa kamba kwenye kifundo. Nikamuuliza kwa ishara kulikoni. Akasema mkono mzima ukifanya kazi zote, ule mgonjwa hautakuwa na sababu ya kuamka. Nakuomba, Daktari, uyapime maneno hayo kwa haki. Kuna mikono miwili. Mmoja umefanya kosa, umelala, hautaki kazi. Mwingine unajituma mchana kutwa, unakula, unavaa, unajikuna. Anafungwa yupi? Anafungwa huyu mchapakazi, na yule mvivu anaachwa huru na kubembelezwa kwa mazoezi. Hii ni sheria ya nchi gani?

Nilipogoma akaniletea mfano wa mto. Akaniuliza kama nakumbuka jinsi Rufiji inavyofanya baada ya mafuriko. Mto ukikuta njia yake ya zamani imezibwa na mchanga haurudi nyuma, unajipenyeza mahali pengine kidogo kidogo mpaka unajichongea njia mpya. Akasema kichwa changu ndivyo kilivyo, njia ya kwenda mkononi imezibwa, na njia mpya haichongeki mpaka maji yapitishwe kila siku. Nikamjibu kwamba mto ukihama unachukua na mashamba ya watu. Akacheka, akaikaza kamba.

Soksi hiyo navaa asubuhi mpaka adhuhuri. Ndiyo maana niko nyuma ya banda la kuku. Nimeivua kwa meno.

4. Kunde.

Alipogundua mimi ni mpishi nilidhani sasa nitapata heshima. Akaomba ungo, akamwaga mchele, akachanganya na kunde, akaniambia nizitoe zile kunde moja moja kwa vidole vya kulia. Daktari, mimi nilikuwa na vijana wa kunichagulia mchele! Na mahali alipochagua niketi ni barazani, uso kwa uso na barabara ya Kilwa, eti kuna mwanga mzuri. Mabasi yanasimama, abiria wanashuka kununua korosho, wananikuta mtu mzima na ndevu zangu nimeinamia ungo, kunde moja inanikimbia kama ina miguu.

Wiki iliyopita mama mmoja wa safari alimwita mumewe atoke ndani ya basi aje kuona mwanamume anayemsaidia mkewe kuchagua mchele bila kulazimishwa. Kina mama wa Bungu wakalisikia hilo. Tangu siku hiyo nyungo zimeonekana mikononi mwa waume kadhaa wa mtaani, na mmoja wao hanisalimii tena. Amani ya ndoa za watu imetikisika kwa sababu ya tiba yangu.

Na hapo sijasema habari ya chakula. Mwanzoni Mwanamkuu alikuwa ananilisha. Anakata tonge dogo, analipoza, ananitia mdomoni. Sitakuficha, yale matonge niliyapenda. Tulipooana hakuwahi kunilisha, maana mimi ndiye niliyekuwa nalisha watu. Muzdalifa akapiga marufuku. Sasa sahani inawekwa mbele yangu na kijiko chenye mpini mnene uliozungushiwa kitambaa, na mke wangu anaenda kuketi mlangoni kunipa mgongo. Nilikuwa naona mabega yanamtikisika, nikadhani ananicheka, nikamnunia siku nzima. Siku moja kijiko kiliniponyoka kikalia sakafuni, akageuka kabla hajajifuta uso. Kumbe hakuwa anacheka. Tangu hapo namalizia sahani yangu na simnunii, lakini malalamiko nayaacha palepale.

5. La tano lilikuwa kubwa kuliko haya yote. Lilikuwa hapa kwenye ncha ya kalamu na limenitoka. Ndivyo nilivyo siku hizi. Likinirudia nitaliweka mwisho.

6. Kicheko na machozi visivyo na ruhusa yangu.

Hili hamkuniambia mapema. Tangu niugue kicheko kinakuja chenyewe, na kilio vilevile, bila kuniuliza. Nalia kuku akichinjwa. Nalia redio ikitangaza bei ya ufuta. Hayo ni ya nyumbani, yanavumilika. Lakini babu yake Yassin alipofariki, sisi wakwe tukaenda Dimani kuzika, na wakati wa dua, kimya kimetanda, mimi nikaangua kicheko. Nilijiziba mdomo kikatokea puani. Kadiri nilivyoona haya ndivyo kilivyozidi. Tukarudi Bungu bila kuagwa vizuri, na Nusaiba aliingia chumbani akajifungia.

Nakiri kwamba Muzdalifa alipanda bodaboda mwenyewe mpaka Dimani. Akawaeleza wale wazee kwamba kiharusi kikigonga mahali fulani kichwani, breki ya kicheko na kilio inalegea, na kwamba moyoni mzee alikuwa na huzuni kama wao. Wakaelewa, uchumba ukapona. Lakini tazama madhara yake. Hivi sasa Dimani mtu yeyote akicheka pasipofaa anasema naye ana breki zilizolegea.

Mazoezi ya uso ndiyo usiniulize. Kila asubuhi nasimama mbele ya kioo, navimbisha mashavu, nachora tabasamu, nasema A, E, I, O, U kwa sauti ya kusikika. Watoto wanaokwenda madrasa wananiitikia kutoka njiani. Mwanamkuu anasema tangu nimuoe hajawahi kuniona nikitabasamu mara nyingi hivi, na kwamba Mungu hamtupi mja wake.

7. Kijiko kwenye sinia.

Haya sasa ndiyo yaliyonitia uchungu wa kutosha kukuandikia. Juzi nilikwenda kwenye hitima. Likaja sinia, wanaume tumelizunguka kama kawaida yetu, mikono ya kulia imekwishanawa. Wangu umelala mapajani. Wa kushoto siwezi kuupeleka kwenye chakula cha watu, nimelelewa. Wakaniangalia, wakaangaliana, mmoja akaita ndani kwa upole mzee aletewe kijiko na kisahani chake. Kijiko! Kwenye pilau! Na upole ule ndio ulionichoma zaidi. Nililia, na safari ile haikuwa breki.

Nikaenda kwa Shehe Ahmed. Akanituliza, akasema mgonjwa ana udhuru, kwa kushoto nile tu hakuna ubaya, na kwenye ndoa Twalibu asimame badala yangu hakuna ubaya vilevile. Kila mtu ananiambia hakuna ubaya. Mimi sitaki udhuru, Daktari. Udhuru ni mlango wa nyuma, na mimi kwenye shughuli nimezoea kuingilia mlango wa mbele, nikiwa nimetanguliwa na sufuria.

Nikafikiri sana, na jibu nikalipata kwa kutazama historia yetu wenyewe. Sisi wa Bungu tulikuwa Wilaya ya Rufiji. Tukalala, tukaamka, tukaambiwa sasa ni Wilaya ya Kibiti. Hakuna aliyehama nyumba, hakuna mnazi uliong'olewa, ni karatasi na muhuri tu. Kama nchi nzima ya watu inaweza kutoka wilaya moja kuingia nyingine huku imekaa palepale, mkono mmoja unashindwa nini?

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Nipewe cheti chenye muhuri kinachotamka kwamba kuanzia Alhamisi mkono wangu wa kushoto utatambuliwa kuwa wa kulia, kwa matumizi yote ya sinia, salamu na kuozesha. Nimesema Alhamisi ili uwe umepata siku moja ya kuzoea cheo.

(b) Ule uliokuwa wa kulia ustaafu kwa heshima. Umekoroga pilau za watu kwa miaka mingi, haustahili kufukuzwa.

(c) Cheti hicho kihusu na miguu, kwa kuwa msikitini tunaingia kwa mguu wa kulia, na wangu mara nyingine mimi niko ndani nao bado unajivuta kizingitini.

(d) Binti Muzdalifa apelekwe kwenye visiwa vya delta, huko ambako akitaka kumfuata mgonjwa itabidi angoje maji yajae ndipo mtumbwi utoke. Subira itamfaa.

(e) Twalibu aandikiwe na hospitali kwamba ile kanzu airudishe kwa fundi.

Naomba majibu kabla ya Ijumaa, kwa sababu baada ya Ijumaa nitakuwa baba ambaye binti yake kaozwa na mtu mwingine, na hilo halina dawa kwenye dirisha lenu.

Nisalimie wauguzi wote wa wodi ya wanaume, hasa yule aliyekuwa akinigeuza ubavu huku ananisimulia mpira. Msalimie mlinzi wa geti aliyemkatalia Mwanamkuu kuingia na sufuria. Msalimie mama wa dirisha la dawa, mwambie vidonge nakunywa. Na hata huyo Muzdalifa umsalimie, ingawa nitamuona kabla yako.

Wako katika ujenzi wa taifa, kwa upande mmoja,

Bwanaheri Swalehe

Nyongeza

Daktari, barua hii haikuondoka. Mwanamkuu alinikuta nyuma ya banda, akaniona soksi iko chini na kuku wanaidonoa. Hakugomba. Aliiokota, akaikung'uta, akanivalisha tena, na barua akaiweka chini ya mto. Leo nimeitoa niimalizie, maana Ijumaa imepita.

Ndoa ilifungwa kwangu, chini ya turubai, wanaume nje na wanawake ndani. Twalibu aliketi karibu yangu sana, kanzu inameta. Shehe Ahmed akauliza nani anaoza. Twalibu akajikohoza. Mimi nikaunyoosha mkono wa kulia. Ulikwenda polepole, unatetemeka, nikausindikiza kwa macho kama ninavyoisindikiza kunde, mpaka ukafika kwenye kiganja cha Yassin. Kidole cha kwanza kikafunga. Cha pili kikafuata. Vilivyobaki vikaona haya vikafunga navyo. Nikatamka kwamba nimemuoza binti yangu, na maneno yalitoka yamenyooka, kila mtu aliyasikia hadi barabarani. Yassin akajibu kwamba amekubali. Vigelegele ndani.

Kisha ukafika wakati wa kuachiana mikono, na mkono wangu ukakataa.

Shehe akangoja. Twalibu akaanza kunibandua kidole kimoja kimoja, kila akikifungua hiki kile kinarudi. Yassin, mtoto wa watu, jasho linamtoka, akaniinamia sikioni akasema, "Baba, nimeshakubali." Watu wakacheka. Mimi machozi yalikuwa yananitiririka, na vidole vimekaza. Nikawaambia ni kiharusi, mniwie radhi. Wote waliamini, isipokuwa Mwanamkuu, aliyekuwa dirishani na alijua zamani kwamba nisingemwachia Nusaiba kirahisi.

Kwa hiyo yote ya huko juu yafute, ukipenda bakiza ya kanzu ya Twalibu. Muzdalifa usimpeleke popote. Lile la tano nimelikumbuka leo asubuhi, nilipopita chumbani kwa Nusaiba nikakuta kitanda kitupu: Muzdalifa amenifundisha kushika, kuachia hajanifundisha. Mwambie Jumatatu asichelewe, soksi nitakuwa nimeshaivaa.